Mtani Alipoacha Kuniita Mtani

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja nilipomwona mtu mzima, seremala mwenye mikono yenye akili kuliko vichwa vya watu wengi, akijaribu kuvaa glovu mguuni, juu ya kiatu. Nilicheka. Nakuambia mapema kwamba nilicheka, usije ukasoma mpaka katikati ukinidhania mtu mwema.

Kwanza unijue. Mimi ni Shabani Maganga wa hapa Tabora, muuza asali. Shule niliiacha darasa la nne, nikaanza kubeba asali kwa baiskeli kutoka Kigwa na vijiji vya ndani ya pori, madumu mawili nyuma na moja mbele, magoti yananigonga kwenye dumu kila nikikanyaga pedeli. Leo nina malori matatu yenye jina langu ubavuni kwa herufi nyekundu, na waliosoma mpaka chuo kikuu wananiita bosi. Sikurithi, sikuazima, sikushikwa mkono na mtu. Mke wangu amechoka kulisikia hili, lakini sina budi kulitaja hapa, maana ndilo lililonipandisha mlimani.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Nilikuwa nimeanza kupeleka asali Moshi, na kila nikishusha mzigo, nikiinua kichwa nauona mlima uko pale, mweupe utosini, umekaa kama mtu anayengoja umwamkie. Mteja wangu wa huko alikuwa na mazoea ya kunichokoza. Alisema sisi watu wa nchi tambarare tukipandishwa kule tunakosa pumzi kama samaki. Nikamjibu kwamba babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, akapita hapa Unyanyembe, mpaka Bagamoyo, miguu mitupu, mzigo begani, miezi kwa miezi. Nami nishindwe na jabali lenye njia iliyofagiliwa? Akaniambia, basi njoo. Nikaona nimeshaitwa mbele ya watu, siwezi kurudi nyuma.

Sikutaka kwenda peke yangu. Ushindi usio na shahidi, kwa mtu wa tabia yangu ya wakati ule, haukuwa ushindi. Nikamchukua Yona.

Yona alikuwa Mgogo, kwao upande wa Dodoma, ameoa Kigwa na kuhamia huko. Alinichongea mizinga ya mbao. Kila mzinga wangu wa miaka ile ulipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja uliowahi kuvuja. Alikuwa mwembamba, penseli nyuma ya sikio, hata kanisani. Na alikuwa mtani wangu.

Ninyi wa siku hizi utani mnaufahamu nusu nusu, kwa hiyo nieleze. Wapagazi wetu wa Kinyamwezi ilikuwa lazima wapite Ugogo, nchi kavu, na visima vilikuwa mikononi mwa Wagogo. Ukitaka maji, unatoa hongo kwanza, yaani ushuru wa kupita. Waligombana, wakapigana, wakachoka, mwishowe wakaanza kucheka. Tangu hapo Mnyamwezi na Mgogo wanatukanana bila kununa, wanaingia kwenye vyungu vya wenzao bila kubisha hodi, na mmoja akifa, yule mwingine ndiye anayekwenda msibani kumuigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Ni kazi ya heshima.

Yona akiingia uani kwangu haniamkii kama watu wengine. Ananisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, punda wa Waarabu." Namjibu, "Karibu, mwizi wa visima." Tulizikana mara kumi kwa siku. Alisema nikifa atalala kaburini mwangu, hatoki mpaka apewe jogoo. Nilisema yeye akifa sitapata jeneza jembamba kiasi hicho, nitamzika ndani ya mzinga wake mwenyewe. Miaka kumi na moja tuliishi hivyo. Hakuwahi kuniita jina langu. Sijui hata kama mke wake, Mama Neema, alikuwa akimsikia akilitamka.

Hakutaka kwenda mlimani. Alisema ana kazi, ana mafua, na mlima haujamkosea kitu. Nikamwambia Wagogo wanaogopa baridi kwa kuwa hawajawahi kuitoza hongo. Akacheka mpaka akaketi juu ya mbao zake, akasema, "Haya, nitakuja. Nani mwingine atawaambia watu wa Tabora kwamba ulilia?"

Tuliingilia Marangu. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Elifuraha, mtu wa miaka hamsini na kitu, uso umeungua kwa jua na theluji mpaka umekuwa kama ngozi ya ngoma. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akatutazama mabuti kabla ya kututazama nyuso. Alitupa masharti mawili pale pale langoni. La kwanza, yeye anatangulia, na atakayempita anarudishwa nyumbani. Hilo lilinifurahisha, maana hata kwenye misafara ya wazee wetu kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia peke yake na aliyempita alilipishwa faini. La pili alilisema polepole. Akiuliza hali, kila mtu ajibu mwenyewe, na ajibu ukweli. Juu kule, alisema, ugonjwa unaanza na kichwa, kisha tumbo, kisha akili, na akili ikishaondoka, mgonjwa mwenyewe hawezi tena kukuambia.

Nililisikia kwa masikio yangu haya.

Siku ya kwanza ni msitu, miti imevaa kuvu kama ndevu za wazee. Siku ya pili miti inapungua, unabaki na vichaka vya majani magumu na mawingu chini yako. Mimi nilikuwa na nguvu, nisikufiche. Wapagazi wa mlimani, ambao wenyewe hujiita wagumu, walinipita na mizigo kichwani nikawaimbia nyimbo za kwetu za kubebea mizigo, wakaniitikia. Nikajiona nimerudi kazini kwa babu yangu.

Jioni ya siku ya pili, tumekaa mezani kambini, Mzee Elifuraha akauliza hali. Nikasema mimi ni simba. Akamgeukia Yona. Yona akasema kichwa kinamuuma tangu saa saba mchana, na uji umekataa kushuka.

Kabla mzee hajafungua mdomo, nikadakia. Nikasema, "Mzee, huyu ni mtani wangu, Mgogo. Kulalamika ndiyo pumzi yake. Akinyamaza ndipo uogope."

Meza nzima ikacheka. Yona naye akacheka, kiganja kikiwa kwenye paji la uso. Mzee akatabasamu, lakini akamuuliza mara ya pili. Yona akanitazama kidogo, kisha akasema, "Nipo, mzee. Mtani wangu ameshanisemea."

Ule mtazamo, mwanangu, nimeuchunguza miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa ananiuliza ruhusa. Mtu mzima, baba wa watoto, ananiomba mimi ruhusa ya kuugua, na nilimnyima kwa kicheko.

Siku ya tatu unavuka uwanda mkubwa kati ya vilele viwili. Hakuna mti, hakuna ndege. Mkono wa kulia Mawenzi, imechongoka kama meno yaliyovunjika. Mbele Kibo, nene, nyeupe juu. Chini ni mawe meusi na changarawe. Mzee alituambia mlima huu wote ulikuwa moto, uliyeyuka na kumwagika, na kwamba hata leo, kule ndani ya shimo la kilele, ukisogea unasikia harufu ya kiberiti. Nikawa nawaza jinsi nitakavyolisimulia hilo sokoni.

Mzee alikuwa mbele kama hatua thelathini, mimi nyuma yake, Yona nyuma yangu. Msaidizi wa mzee alikuwa ameshatangulia na mizigo.

Yona akasema, "Mtani, leo utanizika."

Nikasema nitamzika palepale, mawe ni mengi, hakuna haja ya kuchimba.

Tukatembea. Nikamsikia anatapika. Sikugeuka. Alipomaliza akasema, "Mtani, njia inacheza."

Nikamwambia nayo inamtania, aizoee.

Tukatembea tena. Upepo ulikuwa unavuma lakini nilisikia vizuri kabisa, usije ukafikiri upepo ulinidanganya. Alisema, "Shabani."

Nikasimama. Akasema, "Shabani, sioni vizuri."

Hapo, mwanangu. Pale ndipo maisha yake yalipokuwa yamesimama, kwenye jina langu. Utani ulikuwa umekwisha, ameuweka chini kama mtu anayeshusha mzigo ili mikono yake iwe mitupu akushike. Kitu fulani kifuani kilinigusa, sisemi hakikunigusa. Lakini kilele kilikuwa kinang'aa mbele yangu, na kama mtu huyu ni mgonjwa, basi safari imekwisha, na Tabora nitarudi na hadithi ya nusu mlima. Nikachagua kusikia mzaha. Nikacheka, nikasema, "Leo umenipa jina, kesho utanipa shikamoo."

Mzee Elifuraha akageuka kutoka kule mbele akauliza kwa sauti, huko nyuma vipi. Nikamjibu salama, ni sisi watani tunapatana.

Baada ya hapo Yona hakusema neno. Nami, niliyekuwa nimesema jana yake kwamba akinyamaza ndipo uogope, niliona afadhali kumetulia.

Tulipofika kwenye mawe makubwa ambapo watu hupumzika na kula, akaketi, akatoa glovu mfukoni, akaanza kuivika mguu. Alikuwa makini, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kama alivyofanya akipima ubao. Nikacheka, nikamwita Mzee aje aone. Mzee akaja. Hakucheka. Akapiga magoti, akamvua ile glovu taratibu, akamwomba asimame atembee hatua tano, kisigino mbele ya vidole. Yona akatembea moja, akaanguka ubavu.

Mzee akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikasema, mzee, tulikuwa tunataniana.

"Sikuulizi mlikuwa mnafanya nini. Wewe ndiye uliyekuwa unamjibia. Tangu lini?"

Nikamwambia yote. Alipiga mluzi kuwaita wagumu waliokuwa wakishuka, wakaleta machela ya gurudumu moja. Dawa ya pekee ni kushuka, alisema, na kila dakika tunayoongea tunaila. Kisha akaniambia, bila chuki, kwamba msaidizi wake anaweza kunipandisha kileleni kama nataka, hali ya hewa ni nzuri, keshokutwa nitakuwa chini.

Nisikudanganye. Nilikitazama kile kilele. Nilikitazama kwa urefu wa pumzi mbili au tatu, na hizo pumzi ninazo mpaka leo. Kisha nikashika mkono wa machela.

Nimebeba mengi. Madumu, magunia ya nta, gogo la mninga peke yangu nilipokuwa kijana, na walioshuhudia bado wapo. Yona alikuwa mwembamba, hata kilo sitini sijui kama alifika. Sijabeba kitu kizito kama yule mtu. Wagumu walipokezana, mimi nilikataa kupokewa. Njia nzima nilikuwa namtukana. Nilimwita mwizi wa visima, nikamwambia tumefika Ugogo, aamke atudai hongo, nikamwambia jogoo wake ninaye. Nilikuwa nangoja tusi moja tu lirudi. Kifua chake kilikuwa kinatokota kama uji jikoni. Tulipofika kwenye vile vichaka vya majani magumu, jua likiwa bado juu, kikaacha kutokota. Mzee Elifuraha akavua kofia yake ya sufu, na wagumu wote wakasimama.

Nilimrudisha Kigwa kwa lori lililokuwa limeleta asali yangu. Limeandikwa jina langu ubavuni, na ndani yupo yeye. Mama Neema alitoka nje, akalisoma lile jina, akakaa chini.

Mchana wa mazishi baba yake Yona alikuwa amefika kwa treni kutoka kwao, mzee mrefu, fimbo mkononi. Mchungaji alipomaliza, watu walisogea wakanipa njia. Walikuwa wananingoja. Mtani wa marehemu yupo, na hajafanya kazi yake. Mmoja wa mafundi wake akanichomeka penseli nyuma ya sikio, wakaanza kucheka kidogo kabla hata sijasema kitu, maana walimjua.

Nilisimama kwenye ukingo wa kaburi. Nikaitengeneza sauti yangu ikawa sauti yake, ya puani, ya kuvuta. Nikasema, "Mtani, leo utanizika."

Wakacheka. Ilikuwa ni yeye mtupu.

Nikasema, "Mtani, njia inacheza."

Wakacheka zaidi. Bibi mmoja akafuta macho kwa pindo la kanga.

Nikasema, "Shabani, sioni vizuri."

Hakucheka mtu. Kigwa nzima ilijua kwamba Yona hakuwahi kuniita Shabani. Hapo nikawaeleza, kwa sauti yangu mwenyewe, kila alichoniambia na kila nilichomjibu. Sikuacha kitu. Nilipomaliza nikajilaza chini palepale ukingoni, nikifikiri watanipiga, na kwa kweli ningeshukuru.

Baba yake ndiye aliyekuja. Alinishika bega kwa mkono mkavu, akaongea bila kupaza, lakini wote walisikia.

"Nimekusikia. Sasa nisikie. Watu watasema utani umemuua mwanangu, na mimi nakataa. Baba yangu alinisimulia alivyoambiwa na wake. Wanyamwezi walikuwa wakifika kwetu midomo imepasuka, nasi tunawatukana tangu mbali. Lakini mpagazi akishasema kiu, hakuna aliyecheka tena. Anapewa kibuyu, anakunywa, anapumua. Akishapumua, ndipo tusi linaendelea pale lilipoishia. Maji kwanza, tusi baadaye. Huo ndio ulikuwa utani. Mwanangu alikuambia kiu mara tatu, wewe ukampa tusi mara tatu."

Kisha akaniambia niinuke, mtani hamalizi msiba akiwa amelala chini. Akanipa koleo. Nilimfukia mimi.

Mama Neema hakunisemesha miaka miwili, na alikuwa na haki. Sikurudi mlimani. Watu waliniuliza mlima nimeufikia wapi, nikawaambia nimefika kwenye mawe makubwa. Wengine walidhani nimeshindwa na baridi, nikawaacha.

Kwa nini nakueleza haya leo? Mwezi uliopita vijana wa uani kwangu, wanaopakia asali, walikuwa wanacheka juu ya simu. Wana kundi lao humo la kutaniana. Mmoja wao alikuwa ameandika kwamba amechoka, haoni kwa nini aamke kesho. Wenzake wakamtumia vikatuni vya kucheka, mmoja akamwandikia tutakula ubwabwa wa msiba wako. Nikaichukua ile simu, nikavaa miwani, nikasoma vizuri. Halafu nikawasha lori mwenyewe nikaenda kwake. Alikuwa ameketi mlangoni peke yake, hajala tangu jana yake. Sikumwuliza kama ni mzaha. Nilimwambia tu, nimekuja, tuingie ndani. Tulikaa mpaka adhuhuri akiongea, na sikudakia hata neno moja, mimi nipendaye kuongea kama unavyoniona. Yuko kazini leo. Kila asubuhi nachungulia kwanza kama amefika.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Taniana na wenzako. Cheka, mtukane, mzike mara kumi kwa siku, hiyo ni mali tuliyoachiwa na watu waliotembea sana. Lakini mtu akikuambia anaumwa, hata akikuambia kwa kicheko, hata kama ndiye mlalamishi kuliko wote, weka mzigo wako chini kwanza. Geuka umtazame. Muulize, kisha mwache ajibu yeye mwenyewe, usimjibie mbele ya watu. Kama ni mzaha, utakuwa umepoteza dakika moja, na atakucheka, nawe utacheka. Na ukiwa na kilele mbele yako, duka jipya, cheo, mtihani, lori la nne, hapo ndipo uwe mwangalifu zaidi, maana kilele kinang'aa, nacho kinakufanya usikie unachotaka kusikia. Mimi sikukosa masikio siku ile. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu mkubwa.

Mungu akupe miguu ya kufika unakokwenda, na wenzako wafike nawe. Akupe watani wengi, akuzeeshe nao, muendelee kutukanana mkiwa hamna meno. Na siku mmoja wao atakapoliacha jina la mzaha akakuita kwa jina lako, Mungu akusimamishe hapo hapo, akugeuze, umpe maji.